Msusi Aliyekwenda Kupimwa Hasira

Wateja walimwita Pilipili, na jina lenyewe alilipenda. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye viti viwili, kioo kilichopasuka pembeni na feni iliyopiga kelele kuliko kupuliza. Wanawake walizipita saluni nyingine kumfuata yeye, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vyepesi na mdomo wake haukuwa na breki. Mteja akichelewa, alisutwa mpaka wote wakacheka. Akitingisha kichwa, aligongwa kidogo na chanuo. Pale saluni hasira zake zilikuwa mchezo.

Nyumbani hazikuwa mchezo. Mumewe, dereva wa malori ya masafa marefu, alikuwa mtu wa kuonekana na kupotea, hivyo Pilipili alibaki na watoto wao wawili: binti mwenye akili za kikubwa, na mdogo wake wa kiume ambaye ndiyo kwanza ameanza shule. Jambo dogo tu, uji umemwagika au daftari halionekani, na damu ilimpanda kichwani. Alifoka mpaka sauti ikamkauka. Alirusha kilichokuwa mkononi. Baadaye moyo ukitulia aliwakumbatia, akaapa hatarudia, akalia kuliko wao. Watoto ndio waliombembeleza.

Wiki ile alirusha chupa ya chai. Aliirusha ukutani, si kwa mtoto. Hilo alijiambia mara nyingi. Lakini kipande cha kioo kiliruka kikamchana mvulana juu ya jicho. Kule zahanati alisema mtoto ameanguka. Binti alikuwa amesimama pembeni, naye akaitikia: ndiyo, ameanguka. Hakuna aliyemfundisha kusema hivyo.

Siku chache baadaye Pilipili alifunga saluni mapema. Siku hiyo roho yake ilikuwa nyeupe, akawanunulia wanawe machungwa. Alipofungua mlango alikuta nyumba kimya kama haina watu. Aliita, hakuitikiwa. Akawakuta chumbani, nyuma ya kabati la nguo, binti amemkumbatia mdogo wake na kumziba mdomo kwa kiganja.

"Mnacheza kujificha?" aliuliza huku akitabasamu.

Binti alimtazama usoni kwanza, halafu mikononi, kuona kama ameshika kitu.

"Tunasubiri kwanza tujue umerudije," alisema.

Alikaa kitandani na mfuko wake wa machungwa.

Kesho yake, watoto wakiwa shuleni, alikwenda hospitali kubwa. Mteja mmoja aliwahi kumwambia kwamba pale kuna kitengo cha afya ya akili, na kwamba mtu hupokelewa hata kama hajaanza kuokota makopo. Alikaa kwenye benchi. Aliyemuuliza anaumwa nini, alijibiwa kichwa. Watu waliomkuta pale waliingia, wakatoka, wakaenda zao. Hatimaye karani wa dirishani alimwambia, bila kuinua macho, kwamba mwanasaikolojia haonwi hivihivi. Aende zahanati ya kwao akaandikiwe barua ya rufaa, ndipo arudi wiki ijayo.

Alikusudia kusema asante. Kilichotoka kilikuwa kingine. Alilipiga dirisha kwa kiganja mpaka kioo kikatetemeka, akamwita karani majina ambayo hata saluni hayasemwi. Watu waliinua simu kumrekodi. Mlinzi akaja, akamshika mkono, akamwambia kwa upole kwamba mama, twende tukaongelee nje.

Hapo Pilipili akauona mkono wake wa pili, umeshapanda juu tayari kumzaba kofi mtu asiyemjua. Akaushusha. Kisha akaketi chini, sakafuni, katikati ya ukumbi.

"Msinitoe," alisema, sauti imemkatika. "Hiki ndicho kilichonileta. Nikitoka nacho hapa, nakipeleka kwa wanangu."

Mlinzi alimwachia mkono. Kelele zilikuwa zimemtoa mtu ofisini, mwanamke mfupi mwenye miwani na kandambili. Ndiye mwanasaikolojia mwenyewe. Alikuja akachuchumaa mbele yake.

"Umemaliza, au bado?"

"Bado."

"Basi njoo umalizie ndani."

Ndani hakumpoza wala hakumkemea. Alimuuliza hasira inaanzia wapi mwilini, usingizi anaupata vipi, kama anakunywa, utotoni kwao nani alikuwa akipiga, kama amewahi kutamani kufa. Alimpima presha, akasema daktari atampima na damu, maana yapo maradhi ya mwili yanayomwasha mtu moto bila mwenyewe kujua. Pilipili aling'ang'ania hapo. Aliomba kimoyomoyo iwe damu, iwe kitu cha kumeza na maji.

"Nipe dawa," alisema. "Hata ya kunilaza mwezi mzima."

"Bado sijui una nini. Dawa inaweza kusaidia, inaweza isisaidie. Kazi kubwa tutaifanya mimi na wewe, na haitaisha leo." Mwanasaikolojia alivua miwani. "Ukirudi nyumbani jioni hii, watoto wako salama wakiwa na wewe?"

Pilipili aliyapima majibu yote mawili. Akisema hapana, watamnyang'anya wanawe na mtaa mzima utajua. Akisema ndiyo, ataondoka zake na heshima yake. Alifungua mdomo aseme ndiyo, na uso wa binti yake ukamjia.

"Hapana," alisema. "Hawako salama."

Mwanasaikolojia hakumficha: watu wa ustawi wa jamii lazima waambiwe. Lakini aliyejileta mwenyewe, alisema, hasikilizwi kama aliyeletwa. Akauliza ni nani watoto wanamwamini. Pilipili alimtaja mdogo wake wa kike, fundi cherehani wa mtaa wa pili.

Jioni mama yao mdogo alikuja kuwachukua. Walifunga nguo zao haraka, haraka mno, na hilo lilimchoma kuliko maneno. Mvulana aliuliza kama mama naye anakuja. Pilipili alipiga magoti, mbali kidogo ili wasishtuke.

"Hamfukuzwi," alisema. "Mimi ndiye mgonjwa, nimeanza kutibiwa."

"Na dawa isipokubali?" binti aliuliza.

"Nitarudi palepale."

Alirudi kweli. Majibu ya damu yalipokuja safi alilia kama aliyefiwa. Wiki iliyofuata alimfokea mwanasaikolojia, akabamiza mlango, akafika getini, akageuka. Mumewe alipopiga simu kutoka safarini alimweleza yote; mume alisema mtandao unasumbua. Hasira hazikwisha. Alianza tu kuzisikia zikija, kwenye taya, kabla hazijafika mikononi, na mara nyingine, si zote, aliwahi kutoka nje.

Jumapili moja mama mdogo aliwaleta watoto kumsalimia. Mvulana alimpandia mapajani akaanza habari za shule. Binti alibaki amesimama mlangoni, viatu miguuni. Pilipili alitamani kumwambia avue, aingie, hapa ni kwao. Badala yake akamsogezea kiti hapohapo mlangoni.