Faili la Makosa

Miezi saba ilikuwa imepita tangu mkewe afariki, na Fundi hakuwahi hata mara moja kuisikiliza sauti yake. Si kwamba hakuwa nayo. Ilikuwa pale pale kazini kwake, kwenye maktaba ya vitabu vya kusikiliza kwa wasioona, ambako marehemu alijitolea kusoma kila Jumamosi kwa miaka kumi na miwili. Vitabu thelathini na vinne. Wasikilizaji walimwita Mama Sauti. Wengi hawakujua hata kama ana mume, seuze kwamba mume huyo ndiye aliyetunza seva iliyohifadhi kila neno alilosoma.

Jumanne moja mchana binti yao alimfuata kazini akitokea chuoni, mkoba begani.

“Baba, leo niko tayari. Nataka kumsikia.”

“Una uhakika, mama?”

“Nisipofanya leo nitaahirisha tena.”

Fundi akamvutia kiti, akamvalisha hedifoni, akachagua kitabu cha kwanza kabisa. Mashine ikazungusha alama yake ya kusubiri, kisha ikaleta maandishi mekundu: rekodi haisomeki. Akajaribu cha pili. Haisomeki. Alipofika cha sita, jasho lilikuwa linamtiririka mgongoni.

“Labda ni mtandao,” binti alisema.

“Labda,” alijibu, ingawa alijua si mtandao.

Kila seva huwa na faili la makosa, mahali inapoandika yenyewe kila kinachoisumbua. Fundi alilifungua. Mstari wa mwisho ulikuwa wa miezi saba nyuma, na baada yake hamna kitu. Kumbe kila asubuhi programu ya ukaguzi ilikuwa ikilipitia faili hilo na kumletea ujumbe: hakuna kosa jipya. Naye kila asubuhi alimshukuru Mungu, maana hakuwa na nguvu za kuhangaika na kosa lolote.

Hapo ndipo alipokumbuka. Asubuhi ile ya mwisho ya mkewe diski ndogo ilikaribia kujaa, akaamua faili la makosa lihamie diski kubwa. Alifungua mipangilio ya seva, akabadilisha mstari mmoja, ule unaoiambia iandike makosa wapi, akaizima na kuiwasha upya. Ilibaki kazi ya dakika mbili tu: kuielekeza programu ya ukaguzi huko huko. Simu ikalia. Alikuwa muuguzi wa wodi alikolazwa mkewe. “Njoo upesi.” Fundi alitoka mbio, hata koti hakuchukua. Alimkuta mkewe bado anapumua, akamshika mkono. Kufika alasiri alikuwa mgane.

Sasa alilifungua faili jipya. Lilikuwa refu hata likachukua muda kufunguka. Kwa wiki kumi na sita zilizopita seva ilikuwa imelalamika bila kuchoka kwamba diski ya rekodi inaharibika. Mwanzo rekodi moja, halafu tatu, halafu mamia, kila moja na tarehe na saa yake. Alikimbilia nakala za akiba. Maktaba ilikuwa ikiweka za siku thelathini tu, na zote zilikuwa nakala za kilichokwisha kuharibika.

“Baba, kuna nini?”

Angeweza kusema diski imekufa, basi. Binti asingejua. Lakini akamweleza yote, mstari ule, simu ile, zile dakika mbili. Binti alimsikiliza mpaka mwisho, akazivua hedifoni, akaziweka mezani taratibu.

“Kwa hiyo ilikuwa inasema.”

“Ilikuwa inasema.”

“Na wewe hukuangalia.”

“Sikuangalia, mwanangu.”

Akachukua mkoba wake, akaondoka.

Fundi alipanda ghorofani kwa mkuu wa maktaba, mama wa makamo ambaye naye haoni tangu utotoni. Akamwambia bila kupunguza neno.

“Vitabu vyake vyote nilivisikiliza,” mkuu alisema. “Kuna kimoja alicheka katikati ya sura, akaomba radhi, akaendelea. Wewe ndiye uliyekiacha kile kicheko?”

“Mimi. Nilishindwa kukikata.”

“Ulifanya vyema.”

Hapo Fundi akalia, kilio kile ambacho hakukitoa hata makaburini. Mkuu akapapasa mpaka akaupata mkono wake. “Lia, baba. Ila usinilowanishie meza, maandishi yangu ya nukta nundu yatalala na mimi nitasoma nini?” Kisha akaongeza: “Ukimaliza, kamalize na ile kazi ya dakika mbili.”

Aliimaliza siku hiyo hiyo. Mafundi wa diski walioitwa baadaye waliokoa vitabu vingi vya wasomaji wengine. Vya Mama Sauti, hawakuokoa hata kimoja.

Kwa wiki tatu binti alimjibu salamu tu. Jumapili ya nne alikuja nyumbani bila taarifa, akakuta baba yake anapiga pasi, akaketi ukingoni mwa kitanda.

“Bado nina hasira.”

“Haki yako.”

“Baba, nimeanza kusahau alivyokuwa akiniita asubuhi. Maneno ninayo. Ile sauti ndiyo inapotea. Hebu niite kama yeye.”

Fundi akaiweka pasi wima. Alifungua kinywa, akajaribu kulivuta jina lile la utotoni kama marehemu alivyolivuta. Likatoka kwa sauti nzito ya mwanamume. Akajaribu tena.

“Siyo hivyo,” binti alisema, machozi yakimtoka. “Siyo hivyo, baba.”

“Najua,” alisema, akaketi karibu yake.