Pointi Elfu Arobaini

Mimi hata chai nakunywa nimesimama. Ndivyo nilivyo, tusilaumiane. Kwa hiyo yule dada wa benki aliponikaribisha kiti, nilikaa ukingoni tu, mkoba begani, kama mtu aliyeacha sufuria motoni.

Akanitandazia karatasi mezani, na juu yake akaweka kadi ya mfano, nyeusi ti, nzito kuliko nilivyodhani.

"Ukifikisha matumizi haya ndani ya miezi mitatu," akasema, "unapewa pointi elfu arobaini. Hiyo ni tiketi ya ndege, kwenda na kurudi. Halafu uwanjani hukai na watu wote. Unaingia sebule maalumu. Viti vya ngozi, chakula bure."

"Viti vya ngozi vya nini? Mimi sikai."

Akacheka. Sikuwa natania.

"Na ada ya mwaka?"

Akaitaja kwa sauti ya chini, kama anayetaja ugonjwa wa mtu. Loo! Nikaomba nipewe karatasi zote nikasome kwanza.

Tiketi niliitaka kwa jambo moja tu. Baba yangu anaishi kwa kaka, saa tatu kwa ndege, siku mbili na nusu kwa barabara. Mwaka huu kumbukumbu zimeanza kumpotea. Kaka alikuwa amenipigia juzi yake: "Jana amemwita mke wangu kwa jina la marehemu shangazi. Leo asubuhi ananiuliza hii nyumba ya nani. Wewe bado anakutaja kila siku, sijui ameshikilia nini. Njoo. Usingoje."

"Nakuja, kaka. Nipe wiki mbili."

Wiki mbili za nini? Za kuipima kadi. Hapa inabidi nieleze kazi yangu, la sivyo mtaniona mwendawazimu. Mimi ni fundi wa lifti. Sisi hatumkabidhi mtu lifti eti kwa sababu imepanda mara moja ikashuka. Tunaipandisha tupu, tunaipakia mzigo, tunaikatia umeme katikati ya ghorofa tuone kama breki zinashika kweli. Baada ya hapo ndipo naingia mwenyewe, mlango unafungwa, nashuka nayo hadi chini. Miaka kumi na saba, hajaumia mtu. Tabia hiyo ukishaizoea huiachi kazini. Nyanya moja sokoni naigeuza mpaka muuzaji ananinyang'anya.

Basi masharti ya kadi niliyasomea juu kabisa, kwenye chumba cha mashine, nikizunguka ile mota kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mwenzangu wa kazi, mzee mmoja tunayemwita Spana kwa sababu ya shingo yake ndefu, alikuwa amekalia kopo la rangi anakula mkate.

"Umeona nini tena?" akauliza.

"Pointi zinakufa baada ya miezi kumi na minane."

"Na wewe ukifa kabla yake?"

"Hilo hawajaandika."

"Hela ya tiketi si unayo?"

"Ninayo."

"Sasa?"

"Sasa nikilipa taslimu, nimelipa, basi, imeisha hiyo. Nikilipa kwa kadi, tiketi yenyewe inanizalia pointi, na zile elfu arobaini zinakuja, naenda tena bure. Nitamwona baba mara mbili badala ya moja. Wewe huoni?"

"Naona mtu anapiga hesabu za safari ya pili, ya kwanza hajaenda. Ngojangoja huumiza matumbo, mama."

"Na haraka haraka haina baraka. Maliza mkate wako."

Maneno yake yaliniudhi siku nzima. Nilikaza nati moja hadi ikakatika.

Wiki ya kwanza nikalinganisha kadi tatu za benki tatu. Ya pili nikarudi kwa yule dada mara nne, mpaka mlinzi akawa ananisalimia kama mfanyakazi mwenzake. Ya tatu nikatia saini. Kumbe kadi yenyewe haitoki siku hiyo hiyo, inatengenezwa kwanza, kisha inaletwa nyumbani. Nikawa nalala na kuamka, natoka hadi getini, narudi, natoka tena. Nilikuwa nimejiapiza sinunui tiketi bila ile kadi. Ningekuwa nimesoma masharti yote yale ya nini?

Jioni moja kaka akampa baba simu.

"Mwanangu, unakula?"

"Nakula, baba."

"Umesimama?"

"Nimesimama."

Akacheka mpaka akakohoa. Ilikuwa sauti yake ileile, hajabadilika hata kidogo, na moyo wangu ukatulia. Nikajiambia kaka ana tabia ya kukuza mambo tangu utotoni.

"Utakuja lini?" baba akauliza.

"Karibuni tu. Nakamilisha jambo moja dogo."

Kadi ilifika Alhamisi. Sikusubiri hata kuingia ndani. Nilifungua simu palepale ngazini nitafute ndege. Kulikuwa na nafasi kesho yake asubuhi. Ila ndege za wiki ile zilikuwa na pointi za kawaida, na za wiki iliyofuata zilikuwa na pointi maradufu. Siku saba. Nikasema, siku saba ni nini? Nimengoja wiki tano, siku saba zitanishinda? Nikabonyeza ya wiki iliyofuata. Hapo ndipo nilipokosea, na nilikosea nikiwa na furaha, natabasamu peke yangu ngazini kama zuzu.

Nilipomwambia kaka tarehe, alisema, "Haya," akakata simu.

Kwenye ile sebule maalumu chakula kilikuwepo kweli, kimepangwa vizuri. Nilichukua sahani nikazunguka nayo, nikairudisha bila kutia kitu mdomoni.

Kaka alinipokea mlangoni. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililonitisha. Akachukua begi langu na kusema, "Tangu Jumatatu," kisha akashindwa kuendelea.

Baba alikuwa sebuleni, kavaa shati lililopigwa pasi, kanyoa ndevu. Alinyanyuka akanipa mikono yote miwili, kama alivyozoea kuwapokea watu asiowafahamu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umetoka mbali?"

"Mbali kidogo."

"Pole na safari. Karibu sana, hapa ni kwenu." Akanitazama usoni kwa adabu, akitafuta la kuzungumza na mgeni. "Mimi nina binti, unajua. Fundi wa lifti. Moto wa kuotea mbali! Wanaume wenyewe wanamwita akawaonyeshe kazi. Anakuja huyo, siku yoyote kuanzia leo."

"Atakuja," nikasema.

Kaka akatoka nje. Mimi nilibaki, nikitabasamu kwa nguvu zangu zote.

"Na wewe," baba akauliza, "wazazi wapo?"

"Mama alishatangulia. Baba yupo."

"Yupo?" Akanishika kifundo cha mkono, na vidole vyake vilikuwa na nguvu. "Basi nenda kamwone. Usimwambie utakuja, nenda. Sisi wazee hatujui kesho tutaamka tukiwa nani."

"Nitakwenda leo hii," nikamwambia.

"Vizuri," akasema, akaridhika. Akaniachia mkono, akageuza kiti chake kielekee mlangoni, apate kumwona binti yake akiingia.