Suti ya Lucian Mezani kwa Mwalimu Mkuu

Kusimamishwa shule ni kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani. Mimi, Crispin Tregenna, nilijitahidi kwa moyo wangu wote Jumapili moja ya Novemba, nikiwa na sababu njema kabisa, na nikashindwa mbele ya mashahidi.

Sababu ilikuwa kaka yangu Lucian. Kesho yake jioni alikuwa anapanda ndege kwenda Australia, na si kutembea bali kuhamia. Baba alimfukuza nyumbani kiangazi kile kwa ajili ya nywele zake, muziki wake, na hasa suti yake, na tangu hapo jina lake halikutajwa kwetu. Ruhusa ya kutoka shuleni lazima itolewe na mzazi. Nilipokwenda kwa Mwalimu Mkuu, Bwana Ormerod, kuomba nikamuage kaka yangu, alinisikiliza vizuri sana, akampigia Baba simu, kisha akaniambia, "Baba yako anasema hana mtoto wa jina hilo. Pole, Tregenna. Kanuni ni kanuni."

Basi. Lakini mwanafunzi anayesimamishwa masomo hupandishwa treni ya kwanza ya London, atake asitake. Kilichobaki ni kutafuta kosa la saizi yangu: lisiwe dogo la kumalizwa kwa viboko, wala kubwa la kuitiwa polisi.

Suti ya Lucian ilikuwa chini ya sanduku langu, imelaliwa na soksi za raga. Baba alikuwa ameitengea nafasi kwenye moto wa majani makavu bustanini, nami nikaiokoa. Ilibuniwa na watu wawili wa London, mwanamke na mwanamume, ambao magazeti yaliwalaani asubuhi na kuwapiga picha jioni. Ilikuwa nyeusi tii. Ilikuwa na zipu mahali ambapo binadamu hahitaji zipu. Mikono ya koti ilivipita vidole kwa shubiri nzima, nyuma kulining'inia kipande cha kitambaa mfano wa nepi, na mguu mmoja wa suruali uliunganishwa na mwenzake kwa mkanda magotini, hivyo mvaaji alitembea kama bata aliyehukumiwa. Lucian aliwahi kunieleza, kwa uzito wa askofu, kwamba suti nyingine zote humfunga mtu kisirisiri, ila hii humfunga hadharani.

Kila Jumapili wanafunzi wanne hualikwa chakula cha mchana kwa Mwalimu Mkuu, na Jumapili ile nilikuwa mmoja wao. Sharti ni suti nyeusi.

"Si nyeusi hii?" nilimuuliza rafiki yangu Fitch.

"Umekufa wewe. Naomba redio yako."

"Chukua."

"Na keki aliyoleta mama yako?"

"Fitch, maiti bado ina joto."

Bwana Ormerod alitupokea mlangoni. Alinitazama utosini, na macho yake yakahamia huko moja kwa moja. "Karibu, Tregenna. Baridi imeanza kuuma."

"Imeanza, Mwalimu," nikasema, nikaingia kwa kurukaruka.

Nikachezesha zipu, fungua funga, wakati wa sala ya chakula. Hakuna kitu. Nikatumbukiza mkono wa koti kwenye mchuzi wa nyama. "Haradali?" akauliza Bwana Ormerod. Kwa kukata tamaa niliinuka kufuata chumvi, nikaanguka chali pamoja na kiti.

"Zulia hilo," alisema Bwana Ormerod, akiiambia taa, "limekuwa likinisumbua tangu Pasaka."

Taifa langu limepoteza himaya yake, lakini bado lina uwezo wa kutokiona kitu kilichosimama mbele yake.

Ilipofika pudingi, hila zangu zilikuwa zimekwisha. Jumapili ilikuwa inaisha, na Lucian angeondoka akidhani nami nimeungana na Baba. Ndipo Bi. Ormerod, mke wa Mwalimu Mkuu, ambaye hakuwa amenena ila "pokea viazi", akaweka kijiko chini.

"Crispin, mwanangu. Hiyo suti yako mwenyewe?"

"Hapana, Mama. Ya kaka yangu."

"Yule anayesafiri kesho?"

"Ndiyo, Mama."

"Edmund," akamwambia mumewe, "mtoto huyu anakaa na kitu cha watu."

"Kitumwe kwa posta, mpenzi."

"Leo Jumapili? Kimfikie nani, kangaruu?"

"Baba yake alikataa asiende—"

"Baba yake alikataa mtoto kwenda kuaga. Mimi sijasikia mtu akiomba kuaga hapa. Nimesikia nguo ya kuazima inayotakiwa irudi kwa mwenyewe. Au siku hizi tunawafundisha wizi?"

Bwana Ormerod aliigeukia dari. "La hasha," akasema. "Irudishwe mkononi, kesho asubuhi."

"Niikunje, Mwalimu?"

Kwa mara ya kwanza mchana ule aliyashusha macho hadi kwenye suti yenyewe, akaikagua toka kola hadi mkanda wa magoti. "Ivae tu, Tregenna. Tusije tukaiharibia pasi."

Lucian nilimkuta kwenye foleni ya uwanja wa ndege, amevaa suruali ya kodrai na sweta lililotoboka kiwiko. Aliponiona nikimjia kwa hatua za bata alicheka hadi akaketi juu ya begi lake.

"Mwizi mkubwa! Nilidhani mzee ameichoma!"

"Nimetumwa kuirudisha. Kwa amri ya Mwalimu Mkuu."

"Basi vua."

Tulibadilishana chooni, tukipokezana nguo chini ya mlango. Aliniuliza kama Mama anajua niko pale, nikasema hapana. Akasema, "Mwambie nimeondoka nimependeza." Kisha Australia ikaninyang'anya kaka, akaenda langoni akirukaruka, mikono ya koti ikining'inia, na mama mmoja mwenye kofia akampisha njia.

Suruali yake ya kodrai ilinipwaya. Nikaishika kiunoni kwa mkono mmoja, na kwa ule mwingine nikampungia.