Levina Alipobadili Jina Mtandaoni

Levina wa Usoke alipofiwa na mama mkwe wake, Bibi Koleta, alifanya kama mawifi zake wote: kwenye akaunti yake ya mtandao alitoa picha yake akaweka ya marehemu, na jina akalibadili likawa Koleta, mpaka arobaini ipite. Ukweni wakamsifu, naye akavimba kichwa.

Alichosahau ni kwamba kwa akaunti hiyohiyo alimwombea binti yake Yustina nafasi ya chuo cha uuguzi, Tabora mjini. Yustina alimsihi wafungue anwani ya barua pepe kwa ajili hiyo. Yeye aliona usumbufu, akabonyeza kile kitufe cha kuingia kwa akaunti ya mtandao, fomu ikafunguka.

Wiki ya tatu ya msiba, akaunti ikafungwa. Wenye mtandao walimwandikia kwamba anajifanya mtu mwingine. Jumatatu iliyofuata Yustina akaja mbio kutoka shamba la tumbaku: majina yametoka, amechaguliwa, athibitishe kwenye ile fomu kabla ya Ijumaa.

Levina akasema mtandao unasumbua. Jumanne, simu haina chaji. Jumatano akasema yuko kwenye matanga, asibughudhiwe. Alhamisi akapanda basi kwenda mjini peke yake, akiaga kwamba anakwenda kumwona mgonjwa.

Karani wa chuo, Bi Shamila, alimsikiliza mpaka mwisho bila kucheka. Afadhali angecheka.

"Mama yangu, fomu inakutambua kwa akaunti ile tu, na hiyo imefungwa. Kuifungua kwa njia nyingine ni siku tatu. Ungekuja Jumatatu tungewahi."

Njia nzima ya kurudi Levina alijifunika kanga usoni, abiria wakadhani amefiwa upya.

Yustina alikuwa akichambua mchele barazani. Akauliza mgonjwa anaendeleaje. Levina akakaa chini, akamweleza yote.

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Niliona aibu, mwanangu."

"Sasa aibu yako nimeilipia mimi."

Ijumaa ikafika, nafasi akapewa mwingine.

Jumapili, kwenye sala ya jumuiya, Levina aliomba kusema. Akawaambia akina mama wasifungue fomu za watoto wao kwa akaunti ya mtandao, maana ikifungwa, inafunga vyote. Akataja na uongo wake, siku kwa siku, hata wa mgonjwa. Mawifi zake wakatazama chini. Yustina alikuwa ameketi nyuma karibu na mlango. Kabla mama yake hajamaliza, akanyanyuka, akatoka.