Mgowe wa Evarista

Watu wote wa upande ule wa Igowole walikuwa wameinama kwenye shamba la pareto la Kalinga, isipokuwa Kalinga. Yeye alikaa kitini, kofia usoni, miguu juu ya debe, akikoroma kama aliyelima mlima mzima peke yake.

Evarista alimtazama, akasonya. Tangu utoto alijua mgowe ni nini, kulimiana kwa zamu bila malipo: mwenye shamba anaongoza mstari, anawapikia watu pombe, na siku nyingine anashika jembe kwa wenzake. Kalinga alikuwa amebakiza pombe tu. Na kesho ilikuwa zamu ya Evarista, mjane mwenye shamba gumu, na mvua zimeshaanza. Asipopanda wiki hii, mwakani atachemsha mawe.

"Shangazi, usinune," alisema Jailos, mtoto wa kaka yake, aliyerudi majuzi kutoka migodi ya shaba akiwa na viatu vya ngozi na maneno mengi. "Kule kuna wakomunisti. Wanasema ardhi ya wote, mavuno ya wote. Asiyelima asile! Huyu mzee angekula kiti chake."

Mstari mzima ukacheka. Kalinga akafumbua jicho moja.

"Hao wakomunisti wako, Jailos, hata wake wanagawana. Na miswaki!"

"Mswaki wako nani autake, Mzee Kalinga?" akadakia Rozalia, jirani yake Evarista.

Kicheko kikazidi, naye Evarista moyo ukamtulia. Kumbe kijana amerudi na kitu cha maana.

Jua lilipopinda, Kalinga alitoa pombe yake: nyepesi, chachu, nzi wanaogelea. Kisha akapanda juu ya debe.

"Kesho njooni tena. Kesho si mgowe, ni kibarua. Shilingi kwa kila jembe. Tena namtaka nyapara."

Watu wakatazama vidole vya miguu yao. Evarista alimtazama Jailos. Jailos alikuwa ameshanyoosha mkono.

Asubuhi Evarista alilima peke yake. Ng'ambo ya kijito, shambani kwa Kalinga, filimbi ya nyapara ililia, na pumzi ile aliijua. Kila ilipolia alitema mate, mpaka koo likamkauka.

Alasiri vibarua wa Kalinga wakaja kwake, maana alikuwa amepika pombe ya mgowe wake, na pombe ya ulezi ikiiva haifichiki. Jailos alitangulia, filimbi shingoni, kibuyu mkononi.

"Shangazi, tumechoka kwelikweli. Karibisha watu. Si nilisema vitu ni vya wote?"

"Ulisema, mwanangu. Na shamba lile?"

"Lile... lile ni lako, Shangazi."

Evarista akainua mtungi wa kwanza, akaumwaga wote juu ya vile viatu vya ngozi. Watu wakaguna kama waliofiwa. Jailos akainama taratibu. Evarista akadhani anaomba radhi. Kumbe anachota kwa kibuyu chake, pale kwenye kishimo pombe ilipotuama, povu na udongo pamoja. Akanywa.

"Mungu wangu," akasema Rozalia, akageuza uso. Akachukua jembe lake. "Mama, mtungi wa pili usiumwage. Tunaanzia wapi?"

Wengine wakamfuata, macho chini. Jua lilikuwa limebaki la kulima robo ya shamba tu. Evarista akaonyesha kwa kidevu, akatangulia mstarini na jembe lake, mdomo bado mchungu.