Mbao za Pasikali

Jumatatu asubuhi Manirambona aliegemeza ngazi kwenye ukuta wa nyumba ya marehemu Pasikali, pale Kitahana, akapanda na mtaimbo mdogo mkononi. Alikuwa ameitwa kubadilisha fisha bodi, ule ubao mpana unaozunguka ukingo wa paa, pamoja na dari la upenuni lililo chini yake. Kwa fundi wa umri wake ilikuwa kazi ya kupumzikia. Aliuchomeka mtaimbo nyuma ya ubao wa kwanza, akajiandaa kuvuta kwa nguvu, maana misumari ya inchi nne ikitoka kwenye mbao nzima hulia kama mbuzi anayeburutwa. Misumari hii haikulia. Ilichomoka kimya, kama kijiti kilichochomekwa kwenye ugali.

Alibaki ameushika ubao, macho yameganda pale ulipokuwa. Ncha za kenchi, zile mbao zinazobeba paa zima na kutokeza nje ya ukuta, zilikuwa nyeusi. Alibonyeza mojawapo kwa kidole gumba. Kidole kikazama kucha nzima, na unga wa kahawia ukamwagika usoni pake.

"Kuna nini, shemeji?" Immakulata aliuliza kutoka chini. Alikuwa mjane wa Pasikali, na tangu aolewe alikuwa akimwita Manirambona shemeji, kwa kuwa mumewe na fundi huyu walikuwa kama watu wa tumbo moja.

"Mchwa kidogo," akajibu. "Si kitu."

Immakulata aliendelea kufagia kinyesi cha popo. Ndicho kilichomfanya aite fundi. Popo walikuwa wanaingilia kwenye matundu ya upenuni, wanajaa juu ya dari la chumba cha mbele, na uchafu wao unadondokea kitandani. Chumba hicho ndicho alichomwandalia binti yake Kezia, aliyekuwa amelazwa hospitali ya Kabanga baada ya kujifungua mapacha kwa upasuaji. Kezia alitarajiwa kuruhusiwa Ijumaa, aje kwao alelewe uzazi na mama yake.

Hadi saa sita Manirambona alikuwa amefungua upande wote wa mbele. Kenchi kumi na moja. Nzima zilikuwa mbili tu. Nyingine zilioza kutoka nchani hadi juu ya ukuta, na bati lilikaa pale kwa mazoea tu. Upepo wa mvua kubwa ukiingia chini yake, paa lingenyanyuka kama kifuniko cha chungu na kuanguka chumbani.

Sababu ya kuoza huko hakuwa na haja ya kuitafuta. Sababu ilikuwa yeye mwenyewe.

Miaka kumi na miwili nyuma, Pasikali aliagiza mbao za dawa kutoka Iringa. Alikuwa mtunza stoo wa shule, mtu wa utaratibu, na kila ubao aliuandikia namba kwa rangi nyekundu. Kisha akapelekwa mafunzoni miezi mitatu, akamwachia rafiki yake nyumba aipaue. Wazazi wao walivuka mpaka kutoka Burundi pamoja. Nani mwingine angemwachia? Wakati huohuo Manirambona alikuwa na kuta zake mwenyewe zimesimama bila paa, mkewe mjamzito, na mvua zinakaribia. Alibeba mbao za Pasikali akapaulia nyumba yake. Ya Pasikali akaipaua kwa mikaratusi mibichi, akaipaka maji ya rangi ya kijani ili ifanane na mbao zilizotiwa dawa. Alijiambia ataibadilisha kabla haijapita miaka miwili. Pasikali aliporudi alitazama juu, akampa mkono, akasema, "Asante, ndugu yangu." Miaka miwili ikawa mitano, mitano ikawa kumi, na Pasikali akafa bila kuambiwa neno.

Mchana ule alijaribu kufunika. Aliupigilia ubao mpya kwenye ncha zilezile zilizooza, kwa misumari mirefu, huku Immakulata ameushikilia upande wa pili kwa mti.

"Umenyooka," Immakulata alisema, ameridhika.

Alipoingia jikoni kuangalia maharage, Manirambona aliuvuta ubao kwa mkono mmoja. Ukaja wote. Aliurudisha taratibu asisikike, akashuka, akakaa kwenye ngazi ya chini.

Jumanne alidamka kwenda Kasulu kutafuta mbao. Alimwambia Immakulata amepungukiwa misumari. Immakulata akamfungia unga wa uji na kanga mbili.

"Kabanga si mbali na Kasulu," alisema. "Nipelekee kwa Kezia. Mwambie chumba kinatengenezwa."

Mjini Kasulu alikwenda moja kwa moja kwa Lukmani, muuza mbao aliyemjua siku nyingi. Lukmani alitikisa kichwa.

"Za dawa hakuna, fundi. Lori limekwama njiani, labda baada ya wiki mbili. Lakini hizi mikaratusi ninazo. Zimepasuliwa juzi."

"Hizi ni mbichi."

"Zipake oili chafu. Nani atapanda huko juu kuangalia?"

Hakusema kwa ubaya. Ni maneno ambayo muuzaji humwambia fundi kila siku. Manirambona aliweka kiganja juu ya ubao wa kwanza, nao ulikuwa baridi na majimaji kama mgongo wa samaki. Angeweza kuzichukua, akamaliza kabla ya Ijumaa, na kwa miaka mitano au sita hakuna ambaye angejua. Huenda kufikia hapo naye angekuwa amekufa kama Pasikali. Alisimama hivyo mpaka Lukmani akamwuliza kama anaumwa.

"Ngoja nipeleke mzigo wa watu kwanza," alisema.

Kabanga alimkuta Kezia amekaa kitandani, uso umevimba kwa uchovu. Alikuwa akimwita baba mdogo tangu ajue kusema, naye Manirambona ndiye aliyemchongea kigari cha kwanza cha miti.

"Baba mdogo, umekuja." Alitaka kuinuka, mshono ukamzuia. "Mama anasema popo hawataingia tena."

"Hawataingia."

"Nimekuwa nikiogopa. Watoto wenyewe wadogo hivi. Lakini nikikumbuka nyumba umeijenga wewe, roho inatulia." Akamnyoshea mtoto mmoja aliyeviringishwa kwenye kitenge. "Mshike. Huyu ndiye Pasikali."

Manirambona alimpokea. Kwa mikono iliyokuwa imezoea kupima mbao, mtoto yule hakuwa na uzito wa kutajwa. Alipiga chafya ndogo, akaendelea kulala. Fundi alitaka kusema kitu cha kawaida, kwamba amefanana na babu yake, lakini machozi yakamtoka, na Kezia akadhani ni ya furaha, akaanza kulia naye.

Hakurudi kwa Lukmani. Alipanda basi la Kibondo kurudi kwao, mikono mitupu.

Jumatano, Safina mkewe alipotoka shambani na jembe begani, alikuta nusu ya nyumba yake haina paa. Mabati yalikuwa yamepangwa uani. Mumewe alikuwa juu ya ukuta wa sebule, anang'oa kenchi, na misumari ililia mpaka majirani wakatoka nje.

"Unafanya nini?"

Alishuka. Alimweleza yote pale uani, amesimama, kofia mkononi kama mtu aliye mbele ya baraza. Safina aliweka jembe chini. Alikwenda kwenye mbao zilizokuwa chini, akainama. Zilikuwa kavu, ngumu, hazina hata tundu moja la mdudu, na namba nyekundu bado zilisomeka.

"Namba hizi ulisema za dukani," alisema.

"Nilikudanganya."

"Nimezaa watoto wanne chini ya mbao za mtu. Nimesali chini yake. Wakati wa msiba wa Pasikali tumewalaza wageni wake humu ndani, wakatazama juu, wakatusifu kwa nyumba nzuri." Alikaa chini kwenye udongo. "Na mvua ziko mlangoni. Kuta hizi ni tofali mbichi, zitayeyuka. Huwezi kungoja mwezi mmoja tu, upate nyingine?"

"Watoto wanafika Ijumaa."

"Na wangu?"

Manirambona alichukua nyundo. Alipanda tena ukutani. Baada ya muda alimsikia Safina akiburuta godoro kuelekea kwenye kibanda cha jikoni, kisha la pili, kisha kabati la vyombo, na kila alipotaka kushuka kumsaidia alimwona anavyoukwepesha uso, akabaki alipo.

Alhamisi alizifunga mbao kwenye baiskeli, sita sita, akazisukuma safari tatu kupanda kilima hadi kwa Immakulata. Safari ya tatu alimkuta mjane ameinama juu ya zile za kwanza, anapitisha kidole kwenye rangi nyekundu.

"Huu ni mwandiko wa Pasikali," alisema. "Namba saba yake aliikata kwa mstari katikati, hivi. Umezitoa wapi mbao hizi?"

Njia nzima Manirambona alikuwa amepanga maneno. Yote yalitoweka.

"Kwangu. Ndizo zilizopaswa kuwa hapa juu. Nilizichukua akiwa mafunzoni, hapa nikaweka mikaratusi mibichi. Imeoza, shemeji. Si mchwa. Jumatatu nilikudanganya."

Immakulata hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepiga kelele.

"Pasikali alijua?"

"Hapana."

"Alipougua ulikuja kila jioni. Ukamlisha uji. Ukamgeuza kitandani."

"Ego," alijibu kwa lugha ya nyumbani. Ndiyo.

"Miezi mitano. Na kila jioni alikuwa amelala, anatazama juu."

Manirambona alipiga magoti, hakujua alipiga lini. Immakulata alimwangalia kama mtu anayeangalia kitu kilichoanguka barabarani, asijue kama ni chake. Fundi mwingine asingepatikana kabla ya Ijumaa, na wote wawili walilijua hilo.

"Inuka ufanye kazi," alisema hatimaye.

Walifanya kazi siku ile na kesho yake asubuhi. Manirambona alikata sehemu zilizooza, akaziunga kenchi ubavuni kwa mbao za Pasikali, kila kipande kikiingia ndani hatua mbili kupita ukuta. Sasa misumari ilishika. Kisha akapigilia dari jipya la upenuni, akaziba kila upenyo kwa wavu, akamalizia na fisha bodi. Immakulata alishika upande wa pili wa kila ubao, kama alivyofanya Jumatatu. Lakini Manirambona alipotaka nyundo au msumeno, alilazimika kushuka kuuchukua mwenyewe.

Ijumaa saa nane gari la kukodi likasimama uani. Kezia alishuka polepole, mkono mmoja tumboni, mama yake akapokea mapacha. Mawingu yalikuwa yamejaa upande wa Burundi na upepo ulishaanza kupinda migomba.

"Baba mdogo, pamependeza," Kezia alisema, ametazama juu.

"Karibu nyumbani, mwanangu."

Immakulata aliwaingiza, akawalaza, kisha akatoka peke yake na kusimama mlangoni.

"Fundi," alisema. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwita hivyo. "Usisahau vifaa vyako."

"Sitasahau."

"Kezia sitamwambia sasa, ana kidonda. Akipona nitamwambia, na la kufanya ataamua yeye. Wewe usije hapa mpaka nikuite."

"Na usiponiita?"

"Basi hujaitwa."

Alifunga mlango, si kwa kishindo.

Mvua ilimkuta Manirambona nusu ya njia, mvua ya upepo, ya kumfanya mtu ageuke atembee kinyumenyume. Alipofika kwake alimwona Safina amepanda juu ya meza iliyowekwa uani, anajaribu kulaza bati juu ya ukuta wa sebule ili kuukinga. Bati lilimshinda, lilinyanyuka, likampiga begani. Maji yalitiririka kwenye tofali yakiwa mekundu. Watoto walikuwa wamesimama mlangoni mwa jikoni.

Alitupa mkoba wa vifaa, akapanda upande wa pili.

"Shika huku," Safina alipaza sauti. "Si huko. Huku."

Walishikilia bati lile mpaka mikono ikafa ganzi. Waliongeza la pili, wakayakandamiza kwa mawe, upepo ukayapangusa mawe kama punje za mahindi, wakarudia. Mara moja alijaribu kumwambia kitu, lakini mkewe akatikisa kichwa akionyesha kona iliyokuwa inaloa. Mvua ilipopungua jioni, ukuta wa chumbani ulikuwa umesimama. Ule wa sebule, nusu yake ilikuwa imelala sakafuni, rundo la tope.

Safina alishuka mezani, akakamua kanga yake. Mdomo ulimtetemeka kwa baridi, na begani damu ilikuwa imechora mstari chini ya nguo.

"Kesho utafyatua tofali," alisema.

"Ego."

"Mimi nakwenda kwa dada yangu kule Kagerankanda na hawa wadogo wawili. Wakubwa watabaki, wana shule. Utawapikia."

"Utarudi?"

Safina alikwishaingia jikoni kuwasha moto. Kuni zilikuwa zimelowa na moshi ulijaa kibanda kizima, watoto wakaanza kukohoa. Manirambona akachukua jembe, akaanza kuchota tope na kulitoa nje ya mlango kabla halijakauka.