Vitabu Vilivyopanda Mlima

Asubuhi ile karavani ilipofungwa nyuma ya gari la Bi Kimya, shule nzima ilitoka kama inayokwenda kuaga mwili. Maiti haikuwapo, ila kila aliyetazama alikubali moyoni kwamba ingepatikana kabla ya saa tano. Gari lenyewe lilikuwa dogo, la dizeli, limeinuka kutoka ardhini kama mtu mfupi aliyevaa viatu vya kisigino. Nyuma yake ilisimama karavani nyeupe, pana, nyumba ya kuvutwa yenye magurudumu mawili na vitabu mia tisa tumboni. Ukivitazama viwili hivyo pamoja ungedhani sungura ameposa kifaru, na posa imekubaliwa.

Bi Kimya alikuwa mkutubi wa shule hiyo ya bweni kwa miaka kumi na tisa. Jina lake halisi liliandikwa katika barua yake ya ajira, na huko lilibaki. Hili jingine alipewa na wanafunzi, kwa kuwa aliweza kuzima kelele za darasa zima kwa kuinua nyusi tu. Ilisemekana kwamba hata nzi, wakiingia maktaba, walikunja mabawa wakatembea kwa miguu.

Mwanamke huyu alikuwa na ndoto moja tu, tena ndoto yenye anwani. Juu ya mlima, mwendo wa saa moja na kitu, palikuwa na shule ya kutwa ya watoto wadogo. Shule hiyo haikuwa na kitabu hata kimoja cha kusoma kwa raha. Vile vya kiada vyenyewe walivitazama watano watano, wa tano akitazama zaidi kisogo cha wa nne. Miaka sita Bi Kimya aliomba ruhusa ya kuwapelekea vitabu. Mwaka wa saba mkuu wa shule aliikubali, kwa uso wa mtu anayemruhusu jirani apande ukuta huku akijua upande wa pili kuna mbwa.

"Safari moja," alisema mkuu. "Alhamisi. Mkaguzi atakuwa huko juu saa tano. Ukifika, yeye ndiye ataamua kama uwe unakwenda kila wiki. Usipofika, karavani inauzwa na vitabu vinaingia stoo."

Stoo ile kila mtu aliijua. Panya wake walikwisha kumaliza historia yote, na muhula huo walikuwa katikati ya fizikia.

Ili jambo liharibike kwa utaratibu, mkuu alimpa Bi Kimya msindikizaji. Huyu alikuwa dereva wa basi la shule, mzee mwenye masharubu na kofia, ambaye wote walimwita Jemedari kwa sababu hakuwahi kurudi nyuma bila kutangaza kwanza. Jemedari aliizunguka karavani polepole, mikono mgongoni, kama daktari aliyekwisha kuandika cheti cha kifo na sasa anamtafuta mgonjwa.

"Bibi mkutubi," alisema akiligusa tairi kwa ncha ya kiatu, "hili gari lako ni la kwendea sokoni. Ukiliambia livute nyumba, litakuuliza limekukosea nini."

"Kitabu cha gari kinasema linavuta kilo elfu moja na mia tano, Jemedari. Karavani na mzigo wake ni elfu moja na mia mbili. Nimepima."

"Kitabu hakijawahi kupanda mlima."

"Leo vitapanda mia tisa kwa mpigo. Ingia, baba, funga mkanda."

Kwa kweli alikuwa amekisoma kitabu hicho cha gari, jalada hadi jalada, na huenda yeye ndiye binadamu wa kwanza kufanya hivyo tangu kilipochapishwa. Na karavani aliipakia kwa mikono yake siku mbili nzima, kwa mpangilio ule ule wa maktaba, nambari ya kwanza hadi ya mwisho. Alianzia ukuta wa nyuma kabisa. Hapo zilikaa ensaiklopidia, juzuu ishirini na nne, kila moja nzito kama tofali lililolowa. Zikafuata kamusi, kisha atlasi, kisha sheria, na kuendelea hivyo hadi mbele, ambako vilisimama vijitabu vya hadithi za watoto, vyembamba kama vipande vya biskuti. Jemedari alijitolea kusaidia, akafukuzwa dakika ya tano, alipoonekana akikiingiza kitabu cha ufugaji wa kuku katikati ya mashairi.

Saa tatu na nusu waliondoka. Bi Kimya aliachia klachi kama mtu anayefunika mtoto aliyelala. Gari la dizeli halina pupa. Halipigi kelele kuahidi lisichoweza. Lilinguruma chini kwa chini, likajikaza, na karavani ikafuata. Wanafunzi walishangilia, wengine kwa furaha, wengine kwa sababu kipindi cha kwanza kilikuwa kimekwisha bila mwalimu kukumbuka. Vilima viwili vya mwanzo vilipandwa na kushukwa. Kila kilomita uso wa Jemedari ulizidi kuingia huzuni ya mtabiri ambaye mvua yake imekataa kunyesha.

Halafu likaja teremko refu liendalo darajani.

Mwendo ulipanda wenyewe. Hamsini. Sitini. Katika kioo cha kulia Bi Kimya aliona pembe ya karavani ikichungulia. Kabla hajapepesa, ilitoweka, ikachungulia katika kioo cha kushoto. Kisha tena kulia, pana zaidi. Usukani ulianza kutetemeka mikononi mwake. Nyumba nyeupe ilikuwa inatikisa nyonga barabarani, na kila nyonga ililivuta gari upande wake.

"Breki!" Jemedari alipaza sauti. "Piga breki, mama yangu, tunakwisha!"

Mguu wa Bi Kimya ulitaka kutii. Lakini ukurasa mmoja wa kile kitabu ulimjia wazi, pamoja na doa la mafuta lililokuwa pembeni yake: usikanyage breki kwa nguvu, usishindane na usukani. Aliondoa mguu kwenye kikanyagio cha mwendo. Akaushika usukani sawasawa, kama mtu anayemshikia mwenzake ngazi, akamwachia Mungu yaliyobaki. Hamsini. Arobaini. Nyonga zikapungua, zikawa mtikisiko, zikatulia. Walivuka daraja kwa mwendo wa bibi harusi, wakasimama pembezoni.

"Turudi," Jemedari alisema, kwa upole usio wake. "Hakuna aibu. Mlima wenyewe hatujaugusa, hili lilikuwa teremko tu."

Saa yake ilionyesha saa nne na dakika tano.

Bi Kimya aliteremka akasimama kando ya barabara, mbali kidogo, akitazama kama anavyotazama rafu yenye pengo. Hapo ndipo alipoona. Karavani ilikuwa imekaa kitako, pua yake imeelekea mbinguni. Na gari, mahali lilipofungwa, lilikuwa limeinuliwa matako, kama kitu kinachotaka kupiga chafya. Uzito wote ulikuwa nyuma kabisa. Kule zilikokaa juzuu ishirini na nne.

Mpakia magunia asingefanya kosa lile, wala mhamishaji wa makabati. Lilikuwa kosa la mkutubi, na mkutubi mzuri.

"Uliona tangu shuleni?" aliuliza.

Jemedari alikohoa. "Niliona pua imepanda. Lakini uliniambia nisiguse."

Neno hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Alifungua mlango wa karavani akaingia. Vitabu vilisimama wima, migongo sambamba, nambari zikifuatana kama watoto wanaokwenda gwaride. Kwa Bi Kimya, kitabu kilichowekwa pasipo pake kilikuwa sawa na mtoto aliyepotea sokoni: yupo, lakini hayupo. Miaka kumi na tisa hakuwahi kulala kabla ya kukirudisha kila kimoja nyumbani kwake. Alichukua juzuu ya kwanza akaikumbatia kifuani, na hakujua aipeleke wapi. Dunia nzima ilikuwa na nafasi moja tu ya kitabu kile, na nafasi hiyo ilikuwa ikijaribu kuwaua.

"Nikizihamisha," alisema, "nani atazipata?"

Jemedari alivua kofia. Labda ndiyo mara ya kwanza alizungumza na mtu bila kofia. "Bibi, mimi nikipakia basi sianzi na darasa la kwanza nikamalizia na la mwisho. Nawatazama. Wanene nawaketisha katikati, juu ya magurudumu. Wembamba nyuma, wapige kelele zao. Ndiyo maana sijawahi kuanguka."

Bi Kimya alimtazama. Kitu kilianza kumtekenya tumboni, kikapanda kifuani, na kabla hajainua nyusi kukizuia kikatoka: kicheko kikubwa, chenye kishindo, kicheko ambacho maktabani angekifukuza muhula mzima. Jemedari alirudi hatua moja nyuma, bila kutangaza.

"Haya," mkutubi alisema akifuta macho. "Nipe wanene."

Walifanya kazi kama majirani wanaozima moto. Jemedari aliita, "Mnene huyu!" na Bi Kimya akapokea. Ensaiklopidia zilishuka sakafuni, juu ya magurudumu na mbele yake kidogo. Sheria ilikwenda ikaegemea atlasi. Kitabu cha volkano kililala kifua kwa kifua na kisa cha sungura mwongo. Mapishi yalikaa na hesabu, vyura wakakaa na wafalme. Mwanzoni kila kitabu alichokitoa mahali pake kilimuuma kama kung'olewa unywele. Kufikia cha mia alikuwa hajali. Kufikia cha mia mbili alikuwa anaimba. Walifunga kila kitu kwa mikanda, wakateremka kutazama. Pua ya karavani ilikuwa imeinama kidogo juu ya gari, kwa adabu, kama mgeni anayesalimia.

"Sasa," alisema Jemedari akivaa kofia, "hilo ni gari."

Saa nne na dakika ishirini na tano waliushika mlima.

Ulikuwa na kona saba, na barabara yake ilikwangua ukuta wa mwamba upande mmoja, upande mwingine hewa tupu. Bi Kimya aliweka gia ya pili na kuiacha hapo. Dizeli ikashika kazi yake, sauti moja nzito, bila kupanda wala kushuka. Karavani haikutikisika. Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Katika ya tano, mahali barabara inaposimama karibu wima, mtu mwenye bendera nyekundu alijitokeza mbele yao na kuinua mkono. Mafundi walikuwa wanamwaga kokoto.

Wakasimama. Magurudumu juu ya mteremko, kilo elfu moja na mia mbili zikivuta nyuma.

"Nishuke niweke jiwe?" Jemedari alinong'ona.

"Kaa."

Dakika nne walisubiri. Bendera ya kijani ilipoinuka, Bi Kimya aliinua klachi kidogo kidogo, mpaka aliposikia gari likiinamisha kichwa, likitaka. Akaachia breki ya mkono. Kwa nukta moja hakuna kilichosogea, mbele wala nyuma, na mkono wa Jemedari ulikuwa umeshika kitasa cha mlango kwa upendo mkubwa. Kokoto zililia chini ya tairi. Kisha tairi za nyuma, zikikandamizwa na ule uzito uliokuwa umepata mahali pake, ziliuma ardhi, na vile vitabu vyote vikapanda mlima.

Mshika bendera alitazama gari dogo likipita, akatazama karavani ikipita, akatazama tena kama kuna kitu kingine kinachosukuma kwa nyuma. Alipokosa kukiona, alipiga saluti. Jemedari aliijibu kwa niaba ya jeshi zima.

Waliingia uwanja wa shule ya mlimani saa tano kasoro dakika tatu. Jemedari alibonyeza honi kutoka kiti cha abiria, akivuka mikono ya Bi Kimya bila aibu, na watoto wakamwagika kutoka madarasani kama mtama uliopasua gunia. Mkaguzi, mtu mwembamba mwenye jalada kwapani, alikuwa amesimama kwenye ngazi akitazama saa, na kwa jinsi alivyoitazama ilionekana saa ndiyo iliyomwangusha.

Alipanda karavani kabla ya mtu yeyote. Aliporudi mlangoni alikuwa ameshika vyura kwa mkono mmoja na wafalme kwa mwingine.

"Bibi, huu ni mpangilio gani?"

"Wanene katikati, mheshimiwa. Wembamba nyuma."

"Mtoto atapataje anachokitafuta?"

Bi Kimya alifikiri. Jibu la miaka kumi na tisa lilikuwa tayari mdomoni, akalimeza. "Atapekua," alisema. "Na akipekua atakutana na asichokitafuta."

Mkaguzi alifungua jalada lake akatoa kalamu, lakini hakuandika, kwa sababu kitu kilikuwa kinapita chini ya kiwiko chake. Kilikuwa kitabu cha volkano, na nyuma yake, akionekana vidole na macho tu, msichana wa miaka kama minane.

"Hiki," alisema msichana. "Nakirudisha lini?"

Bi Kimya alitoa mhuri mfukoni. Alizungusha magurudumu yake madogo ya tarehe kwa kidole gumba, moja baada ya jingine, mpaka ikafika Alhamisi ijayo.

"Hilo bado halijaamuliwa," alisema mkaguzi.

"Ndiyo, mheshimiwa," alisema Bi Kimya, akafungua jalada la kitabu na kugonga.

Mkaguzi aliitazama tarehe ile mpaka wino ukakauka. Kisha akasogea pembeni, maana alikuwa amesimama mlangoni, na foleni ilikuwa ndefu.